Baiskeli ya Marehemu Katekista



Sisi mafrateri watano tuliopangiwa kazi za mikono upande wa karakana tumezoea madawati, majembe na mabomba yanayovuja. Muhula uliopita tuliletewa mgonjwa wa aina nyingine: baiskeli ya Raleigh, nyeusi, ya kiume, yenye breki za fito za chuma. Mwenyewe alikuwa katekista wa kigango kimoja katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambaye Bwana amemwita. Mjane wake aliipeleka kwa paroko, na paroko akaituma kwetu ndani ya gari la parokia, imelala juu ya magunia ya mahindi. Ombi la familia lilikuwa fupi: itembee tena, na ibaki kama ilivyokuwa. Mjukuu wa marehemu amepokea kazi ya babu yake. Kigango kina jumuiya tano zilizotawanyika vilimani, na ile ya mbali ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu.

Wenzetu bwenini walituuliza kwa nini kuhangaika. Phoenix mpya kutoka China zinauzwa madukani, na siku hizi pikipiki zimefika hadi vijiji ambavyo zamani havikusikia injini. Swali lao lilikuwa la haki. Lakini pikipiki hula mafuta, na posho ya katekista haitoshi mafuta. Baiskeli mpya nayo ina bei, na hii tayari ilikuwepo. Zaidi ya hayo, Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha ubaya wa utamaduni wa kutupa: tunavyotupa vitu upesi, na hatimaye tunavyozoea kuwatupa hata watu. Tuliona si vema kuhubiri hayo kanisani huku tunapeleka Raleigh nzima kwenye chuma chakavu.

Kabla ya kufungua nati yoyote, mzee anayesimamia karakana yetu alituambia tukae chini tuitazame. Tulikaa nusu saa nzima. Mwanzoni tuliona kutu tu, kisha tukaanza kuona mtu. Pedeli ya kushoto ilikuwa imelika kuliko ya kulia, kwa sababu ndiyo aliyoikanyaga kila alipopanda. Keria ilikuwa imelala upande mmoja kama mtu aliyezoea kubeba mzigo kwenye bega moja. Kiti cha ngozi, cha Brooks, kilikuwa kimebonyea mashimo mawili yanayong'aa kama meza ya zamani. Na kwenye bomba la juu, karibu na usukani, rangi ilikuwa imeisha kabisa, chuma kitupu, urefu wa kiganja na nusu. Tulibishana kuhusu hilo doa hadi mjukuu alipotueleza baadaye kwamba hapo ndipo walipokuwa wakikaa watoto, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa wa mwisho.

Umri wake tuliupata kwenye habu ya nyuma. Habu hiyo ni ya Sturmey-Archer, kampuni iliyokuwa Nottingham, Uingereza, mji uleule wa Raleigh, na kampuni hiyo ilikuwa na desturi njema ya kupiga mhuri wa mwaka juu ya chuma. Tulisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, zikatokea herufi AW na namba 58. Kumbe habu ilitengenezwa mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Familia inasema baiskeli iliachwa na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na katekista akairithi akiwa kijana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa. Baiskeli hii imepita barabara zilezile wakati Misa ikiwa bado ya Kilatini na wakati imekuwa ya Kiswahili. Mwaka 1965 hati ya Mtaguso juu ya utume wa kimisionari, Ad Gentes, iliwasifu makatekista kwa kazi yao kubwa, na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum ministerium, aliifanya kazi yao kuwa huduma rasmi ndani ya Kanisa. Kati ya tarehe hizo mbili, mzee huyu alikuwa anakanyaga pedeli tu.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe, kwa maana wapo parokiani wenye baiskeli za namna hii chini ya mwembe au nyuma ya stoo.

Tulianza na cheni. Wengi husema cheni imevutika, lakini chuma hakivutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba zile pini ndogo zinazounganisha vipande zinalika, kila moja kidogo sana, na ukijumlisha pini zote cheni inakuwa ndefu. Kila kipande kina urefu wa nusu inchi, kwa hiyo vipande 24 vya cheni nzima vinatakiwa kupima inchi 12 kamili. Ya marehemu ilizidi hapo kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi. Ikifika hapo, cheni imekwisha, na si yenyewe peke yake. Cheni iliyolika hukaa vibaya juu ya meno na kuyachonga yafanane nayo. Meno ya gurudumu dogo la nyuma yalikuwa yamepinda mbele kama kucha za kuku. Ukiweka cheni mpya juu ya meno hayo itaruka, hasa pale mpandaji anaposimama kwenye pedeli akipanda mlima. Ndiyo sababu cheni na gurudumu dogo hubadilishwa kwa pamoja. Gurudumu kubwa la mbele, lile lililokatwa umbo la vichwa vya korongo, alama ya Raleigh, lilikuwa bado na meno mazima. Tulilisafisha tukaliacha.

Kisha zikaja kotapini, zile pini za chuma zinazofunga mikono ya pedeli kwenye ekseli ya katikati. Hapa ndipo baiskeli nyingi za zamani huuawa na watu wanaotaka kuzitengeneza. Ukipiga nyundo bila kuegemeza mkono wa pedeli kwa chini, nguvu yote inaingia kwenye gololi na kuzitoboa vikombe. Mzee alikata kipande cha bomba la maji, akakisimamisha sakafuni kikaushika mkono wa pedeli huku nafasi ikibaki ya pini kutokea, akarudisha nati mpaka ikawa sawa na ncha ya pini, kisha akapiga mara moja, kwa nguvu. Pini ya kulia ikatoka. Ya kushoto ilikataa siku mbili, tukaishia kuitoboa kwa drili. Pini mpya huwa hazikai zenyewe. Inabidi uzichonge kwa tupa, zote mbili kwa mteremko uleule, na kuziingiza zikitazama pande tofauti. Usipofanya hivyo mikono ya pedeli haitanyooka, na mpandaji atachechemea akiwa amekaa.

Ndani ya ekseli ya katikati zilikuwemo gololi 11 kila upande, za robo inchi, au tuseme zilitakiwa kuwa 11. Upande mmoja tulikuta 8, na mbili kati ya hizo zimepasuka. Gololi mpya ni rahisi kupata. Vikombe vyake si rahisi. Raleigh walikuwa na uzi wao wenyewe wa skrubu, mizunguko 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingine za Kiingereza, na za India na China zilizofuata mtindo huo, zina 24. Ukilazimisha kikombe cha duka kwenye Raleigh, kinaingia mizunguko miwili mitatu, unafurahi, halafu unaharibu fremu moja kwa moja. Tulivikagua vikombe vya zamani kwa kucha na kwa taa. Vilikuwa na njia iliyolimwa na gololi, lakini laini, bila mashimo. Tukavirudisha. Ekseli yenyewe ilikuwa na mashimo, na mjini Songea tulimpata fundi anayenunua mabaki ya baiskeli za zamani. Alipekua ndoo tatu akatoa moja inayofaa.

Habu ya gia tatu ndiyo iliyotutia hofu zaidi, na ndiyo iliyotufurahisha. Mle ndani kuna vigurudumu vinne vya meno vinavyozunguka kimoja cha katikati kama watoto wanaocheza. Gia ya kati huenda moja kwa moja. Ile nyepesi hupunguza mzunguko kwa robo, na ile nzito huongeza kwa theluthi. Kwa mtu wa Umatengo, ile robo ndiyo tofauti kati ya kupanda kilima na kukisukuma. Tulipoifungua tulikuta ute mweusi mzito kama asali iliyoungua. Mjane alitueleza baadaye kwamba mafuta ya mashine yalipokosekana, mzee alitia ya kupikia. Hayo huganda. Tuliacha vipande vyote kwenye mafuta ya taa kwa siku mbili, na vilipotoka hakuna jino hata moja lililovunjika. Springi mbili tu, nyembamba kama unywele, zilikuwa zimekatika. Mwalimu wa kwaya alitupatia waya wa gitaa uliokwisha kazi, tukakunja springi mpya. Kwa zaidi ya miaka 60 mashine ile ilikuwa inangoja tu kuoshwa.

Tulikuwa tumefika hapo, tukiwa na furaha na mikono myeusi, tulipoigusa foki.

Foki ni ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Juu yake kuna bomba, tuliite shingo, linaloingia ndani ya fremu na kushikana na usukani. Tulipoitoa ili kubadilisha gololi zake, mmoja wetu aliona mstari mwembamba wa kutu chini kabisa ya shingo, pale inapokutana na mabega ya foki. Ungeweza kudhani ni mkwaruzo. Mzee hakusema neno. Alipaka mafuta ya taa, akasubiri kidogo, akaifuta ikakauka kabisa, kisha akachukua chaki ya darasani, akaisaga, akaupaka unga wake juu ya chuma. Tulisimama tukitazama. Baada ya muda, juu ya ule weupe ukajichora mstari wa unyevu, polepole, ukazunguka karibu nusu ya shingo. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yalikuwa yanatoka.

Tuliona pia kitu kingine ambacho rangi ilikificha. Miguu ya foki ilikuwa na mawimbi madogo ya nyundo. Foki hiyo iliwahi kupinda vibaya, ikanyooshwa kwa nguvu, kisha ikapakwa rangi nyeusi vizuri sana. Hakuna aliyetazama tena kwa sababu ilipendeza.

Jioni hiyo karakana haikuwa na amani. Familia iliomba baiskeli ibaki kama ilivyokuwa, na foki ni sehemu kubwa ya sura yake. Ina michoro ya dhahabu ya kiwandani iliyofifia, na ndiyo uso wa baiskeli. Mmoja wetu, ambaye amefanya kazi ya kuchomelea kabla ya kuingia seminari, alisema tuchomelee ufa, tupige tupa, tupake rangi. Hakuna atakayejua, na mama mjane atafurahi. Hakuwa anazungumza kwa uvivu. Alikuwa anamhurumia yule bibi, na hoja yake iliwavuta wengine wawili. Mwingine alisema turudishe ilivyo na tumwonye kijana aende taratibu. Mzee alisikiliza mpaka tukamaliza.

"Mafrateri," alisema, "huyu kijana akiteremka pale mlimani, hateremki juu ya kumbukumbu ya babu yake. Anateremka juu ya chuma."

Kisha akatueleza. Shingo ya foki hubeba kila shimo la barabara na kila breki. Ni bomba jembamba. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya kiraka, na safari ijayo ufa huanzia hapo. Cheni iliyolika hupiga kelele, gololi iliyopasuka husaga, tairi iliyochoka huonyesha nyuzi zake. Shingo ya foki haisemi. Siku inapokatika, mpandaji hutangulia kwa uso, na kama kuna mtu kwenye keria, naye humfuata.

Hapo ndipo sisi watano tulipoanza kuona tofauti ambayo tangu hapo hatujaacha kuizungumzia, hata mezani. Siku zote tulikuwa tunapigana na uchakavu kana kwamba uchakavu ndio adui. Lakini pedeli iliyolika, kiti kilichobonyea, bomba lililosuguliwa na watoto, hivyo vyote vilikuwa uchakavu wa utumishi. Vilionekana wazi, havikumdanganya mtu, na vingi viliweza kubaki au kubadilishwa bila aibu. Ufa ulikuwa kitu kingine. Haukutokana na miaka ya kazi. Ulitokana na anguko moja lililonyooshwa haraka na kupakwa rangi.

Tukiwa katika malezi, jambo hili linatugusa moja kwa moja. Tunamwona padre mzee ambaye sauti yake imekwisha kwa kuhubiri, au katekista ambaye koti lake la Jumapili limepauka, na wakati mwingine tunatamani Kanisa lenye sura mpya zaidi. Hapohapo sisi wenyewe, vijana, tunaweza kuwa na ufa tuliounyoosha usiku mmoja na kuupaka rangi asubuhi, tukaitwa wanafunzi wazuri kwa sababu hatupigi kelele. Mlezi wa kiroho hawezi kuona ndani ya bomba, hata awe hodari namna gani, mpaka sisi wenyewe tukubali chaki ipakwe. Na anayekuja kuumia si sisi peke yetu. Ni yule atakayekaa nyuma kwenye keria, yaani parokia tutakayopewa.

Siku hizo mmoja wetu alitusimulia juu ya Gino Bartali, bingwa wa mbio za baiskeli wa Italia, Mkatoliki mwenye sala nyingi, aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Wakati wa vita, miaka ya 1943 na 1944, alikuwa akisafirisha hati na picha zilizofichwa ndani ya mabomba ya baiskeli yake, kati ya Firenze na Assisi, ili kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wanawindwa. Askari walidhani anafanya mazoezi. Maisha yake yote hakupenda kulizungumzia jambo hilo, na ni mwaka 2013, baada ya kifo chake, taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilipomtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa. Kaskazini mwa Italia, juu ya ziwa Como, kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Tulicheka kidogo kwamba hata sisi tuna msimamizi. Lakini habari ile ilitufaa. Bomba la baiskeli haliangaliwi ndani. Kwa Bartali lilificha uhai wa watu. Letu lilikuwa linaficha kifo, na tofauti hiyo haikuonekana kwa nje.

Tuliamua foki ibadilishwe, na kwamba mjane aelezwe kabla, si baada. Kwa ruhusa ya gambera, wawili wetu walikwenda Jumapili, foki ya zamani ikiwa ndani ya kiroba. Walifika baada ya ibada ya Neno. Mjukuu ndiye aliyeiongoza siku hiyo.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo bibi."

"Milele amina. Marahaba wanangu, karibuni. Mmeniletea baiskeli?"

Walimweleza. Mmoja alisaga chaki palepale barazani, akafanya kama mzee alivyofanya karakanani, na bibi akainama kutazama mstari ukijichora. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema anaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa masika. Mumewe alikuwa anampeleka zahanati mama mmoja mwenye uchungu wa kujifungua, wakaanguka kwenye daraja la miti. Mama yule alisaidiwa na watu wa hapo akajifungua salama. Mtoto yupo, sasa ni mwalimu. Foki ilipinda hadi gurudumu likagusa fremu. Fundi wa sokoni aliinyoosha kwa moto na nyundo, akaipaka rangi bure kwa kuwa alikuwa mkomunikanti wake.

"Ufa umekuwapo tangu siku hiyo?" aliuliza.

Wenzetu walijibu kwamba huenda ulianza kidogo, ukaendelea kukua.

"Basi miaka yote hiyo Mungu alimshika mzee wangu kwa mkono wake," akasema. "Mjukuu wangu mpeni foki."

Aliomba ile ya zamani abaki nayo. Hakusema ataifanyia nini, nao hawakuuliza.

Foki tuliyoweka ni ya Phoenix, ambayo inachukua gurudumu lilelile la inchi 28 na tairi zilezile zinazopatikana kila mahali. Kwa sababu uzi wake si wa Raleigh, tuliiweka pamoja na nati na vikombe vyake vyote vya shingoni, tusichanganye. Palikuwa na pendekezo tuichore mistari ya dhahabu ifanane na ya kwanza. Tulikataa kwa kauli moja, na yule ndugu wa kuchomelea ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa. Ni nyeusi tupu. Anayeitazama baiskeli kwa mbele anaona mara moja kwamba hapa pamebadilishwa.

Vingine tuliviacha. Hatukuipaka fremu rangi mpya. Tuliondoa kutu kwa msasa mwembamba na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kiti cha ngozi tulikilainisha na kukaza skrubu yake ya mbele, mabonyeo yakabaki. Sehemu ile ya bomba la juu hatukuigusa kabisa. Vipande vya mpira vya breki ni vipya vyote vinne, kwa maana breki hizi hubana ringi kwa ndani, zikivutwa na fito, na mpira ulioganda hauwezi kubana kitu.

Kabla ya kuikabidhi tuliijaribu kwenye mteremko ulio nyuma ya bustani ya mboga, na gunia la kilo 50 kwenye keria, mara kumi. Gia ziliingia zote tatu. Ile ya juu inapiga tiki-tiki taratibu, sauti ambayo Mzee alisema hajaisikia tangu ujana wake. Kijana alikuja kuichukua siku ya Ijumaa. Padre mlezi aliibariki uwanjani, na kijana akaondoka nayo, akisimama kwenye pedeli mahali barabara inapoanza kupanda.

Tulimpa karatasi yenye mambo manne, ambayo tunawapa na ninyi wasomaji mlio na baiskeli za umri huo. Pima cheni kila baada ya miezi mitatu: vipande 24, inchi 12. Tia habu matone machache ya mafuta mepesi ya mashine kupitia kile kitundu chenye kifuniko, na kamwe si mafuta ya kupikia. Kila mwezi inua gurudumu la mbele, ushike foki na uitikise; ikicheza, usipande. Na baiskeli ikianguka hata mara moja tu, hata kama imenyooshwa vizuri, fungua foki utafute mafuta ya taa na chaki kabla ya kumpakia mtu.

Karakana iko wazi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Parokia mbili jirani tayari zimeahidi kutuletea baiskeli za makatekista wao, na tunaomba wenye vipuri vya zamani majumbani, hasa ekseli na vikombe vya Raleigh, wasivitupe. Tunawaomba pia mumkumbuke marehemu katekista katika sala zenu, pamoja na kijana wake aliyeko njiani.